Dirisha la Mtoto Asiyelijua Joto

Nyumba Na. 14, Ndani ya Kilima,
Tallow Hill,
Australia Kusini.
Jumapili, 19 Januari

Kwa Mhariri wa kijitabu "Mtoto Wako Siku za Joto",
Ofisi ya Watoto Wachanga,
Pwani.

YAH: KUAMRISHWA KUMPOZA MTOTO AMBAYE AMEKWISHA POA

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa mahali penye kivuli. Sisi huku hatujambo. Nje ni nyuzi joto arobaini na saba na nzi wameacha kuruka, wanatembea kwa miguu. Ila sisi hatuko nje, na hilo ndilo lililoniketisha kuandika.

Naitwa Katina Vrettos, mke wa Lazar Obradov, mchimbaji wa opali, yale mawe ya thamani yenye rangi zinazogeuka, na mama wa Danica mwenye umri wa miezi minne. Nilisoma falsafa chuo kikuu miaka minne, jambo ambalo mama mkwe wangu, Mama Milka, hulitaja kila maziwa yangu yanapopungua. Nalitaja si kwa kujisifu. Nataka ujue tu kwamba kijitabu chako nimekisoma mara kumi na moja, kalamu mkononi, na kwamba nikilalamika hulalamika kwa utaratibu.

Nyumba yetu, kama karibu nyumba zote za mji huu, imechimbwa ndani ya mwamba. Ina mlango mmoja, vyumba vinne, bomba la hewa linalopanda hadi mgongoni mwa kilima, na nyuzi joto ishirini na nne. Nyuzi hizo hazipandi wala hazishuki, kiangazi au kipupwe, tangu babu yake Lazar alipoweka sururu chini akasema panatosha. Danica hajawahi kutoka jasho maishani mwake.

Jumatatu iliyopita alitutembelea mkaguzi wenu, Bi. Glenys Pardoe, na kijitabu chako kwapani na fomu yenye masharti tisa. Sina ubaya naye. Aliingia amewiva kama nyanya, akavua viatu, akaketi kwenye sofa, akasema, "Jamani! Humu ndani kuna raha, nyie!" Akalala dakika ishirini. Alipoamka alishukuru, akafuta mdomo, akaweka alama ya "Hapana" mahali saba. Chumba cha mtoto hakina dirisha. Hakuna upepo unaopita. Hakuna mti wa kivuli. Na kadhalika. Kwa hiyo nyumba haifai kwa mtoto mchanga wakati wa joto.

Tumepewa hadi Ijumaa tarehe 24 kurekebisha kasoro hizo. Tukishindwa, mimi na Danica tutapelekwa kwenye Nyumba ya Mama na Mtoto huko kwenu pwani, mwendo wa saa tisa kwa gari, tukae hadi mwisho wa Machi. Akina baba hawaruhusiwi. Ndugu Mhariri, Danica ametambua juzi tu kwamba baba mwenye vumbi na baba aliyeoga ni mtu mmoja. Kufika Machi atakuwa amewasahau wote wawili.

Naomba sasa nieleze malalamiko yangu.

1. Kuhusu dirisha. Ukurasa wa tatu unasema kila chumba cha mtoto kiwe na dirisha la kufunguliwa alfajiri na jioni. Nilimsomea Lazar ukurasa huo wakati wa chakula. Ilikuwa kosa langu. Ukimwambia mchimbaji kwamba ukuta unahitaji tundu, hakuulizi kwa nini. Alimaliza supu yake, akaenda kuleta sururu.

Alipima kwa hatua, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari, akatangaza kwamba nyuma ya pale kuna mita moja ya mwamba na kisha ni bondeni, hewa tupu. Ilikuwa kweli kwamba kulikuwa na mita moja ya mwamba. Kisha kulikuwa na Mzee Bepi Zanutto.

Hapa inabidi nieleze jambo. Kuchimba opali ndani ya mji ni marufuku, lakini kupanua nyumba si marufuku. Mzee Bepi, jirani yetu, mwenye miaka sabini na minane, amekuwa akiipanua nyumba yake tangu kabla sijazaliwa, bila kumwambia mtu anaelekea upande gani. Ana vyumba kumi na vitatu na anaishi peke yake. Siku zote nilidhani ni upweke.

Sururu ilipotokeza upande wa pili, alikuwa mezani na fulana ya ndani, anakula ugali wake wa manjano na jibini. Vumbi likamwagikia sahani. Hakushtuka hata kidogo. Alichungulia tunduni, akamwona Lazar, akasema, "Karibuni. Nilikuwa najiuliza mtafika mwaka gani." Kisha akauliza, "Chumvi mnayo? Yangu imeingia mwamba."

Basi Danica ana dirisha, nalo linafunguka kwenye chumba cha kumi na mbili cha Mzee Bepi. Nimerudia ukurasa wa tatu mara nyingi na sioni mahali paliposema dirisha litazame nje. Nilimpigia simu Bi. Pardoe kumweleza. Akasema, "Mama Danica, dirisha la kutazama jirani si dirisha, mpenzi. Ni mlango mfupi." Kwa hiyo Lazar ameanza kuchimba la pili, ukuta wa kaskazini. Naandika barua hii kwa mlio wa sururu, na ukiona chembe nyekundu kwenye karatasi, ni ukuta wa kaskazini.

2. Kuhusu upepo. Ukurasa wa nne unataka upepo uingie upande mmoja wa chumba na kutokea upande mwingine, ukipita juu ya mtoto. Naomba ufahamu kwamba mama mkwe wangu anatoka katika watu wanaoamini kwamba hicho ulichokieleza ndicho hasa kinachoua. Si risasi, si nyoka. Ni upepo unaopita katikati ya matundu mawili. Mjomba wake alikaa kati ya mlango na dirisha mwaka wa hamsini na tatu, na jioni mdomo wake ulikuwa umehamia shavuni.

Nilipomsomea ukurasa wa nne alikaa chini. "Nani kaandika?"

"Ofisi ya serikali, Mama."

"Ana watoto huyo?"

"Sijui, Mama."

"Hana," akasema. "Alikuwa nao."

Tangu siku hiyo ameweka kiti mbele ya dirisha la Mzee Bepi na kuliziba kwa mgongo wake, asubuhi hadi jioni, huku anafuma. Ni mgongo mpana, unaenea vizuri. Anasema upepo ukitaka kumfikia mjukuu wake utapitia kwenye figo zake kwanza. Hivyo dirisha letu liko wazi, kama unavyoagiza, na halipitishi kitu. Akiinuka kwenda kukoroga sufuria, unapita upepo mara moja, nao ni wa kitunguu na tumbaku. Sijui kama huo unahesabika.

3. Kuhusu mti. Ukurasa wa tano unashauri mtoto alazwe chini ya mti wenye majani mengi wakati wa alasiri. Mchoro umenigusa sana. Sijui kama mchoraji wako amewahi kuambiwa kwamba Tallow Hill ina mti mmoja, na kwamba ulitengenezwa na fundi wa kuchomelea kutokana na lori lililoungua, ili watoto wa hapa wajue mti ukoje kabla hawajasafiri. Umesimama juu ya kilima. Tunaupenda. Una matawi saba, na kivuli chake ni kama cha uzi wa kufumia.

Sikutaka kukataa ushauri wako bila kuupima. Siku ya Alhamisi saa tisa alasiri nilipanda kilima, nikalaza yai chini ya mti huo mahali ambapo Danica angelazwa, nikalifunika kwa kitambaa chepesi cha pamba kama ukurasa wa sita unavyoelekeza. Baada ya saa moja yai lilikuwa limeiva upande mmoja. Naliambatanisha. Samahani, litakuwa njiani siku mbili.

4. Kuhusu dalili. Hili ndilo lililoninyima amani kuliko mengine. Ukurasa wa saba unasema mama lazima aweze kutambua mtoto aliyepatwa na joto: mashavu mekundu, jasho shingoni, nywele zilizolowa, kukosa utulivu. Bi. Pardoe aliniambia nimweleze Danica anavyoonekana akiwa na joto. Nikamjibu ukweli, kwamba sijui, sijawahi kumwona hivyo.

"Hujawahi kabisa?"

"Kabisa."

Akaandika: "Mama hatambui dalili."

Nimeliwaza neno hilo kwa siku sita. Mwanzoni nilikasirika, baadaye nikaanza kuogopa kwamba yuko sahihi. Nitajuaje kwamba huyu ninayemshika ni mtoto mwenye raha, ikiwa sijawahi kumshika asiye na raha? Huenda hii ninayoiita raha ni kitu kingine. Nilisimama kando ya kitanda chake nikamtazama hadi akanichoka, akageuka ukutani. Ili kutimiza sharti la saba inanibidi nimtie mwanangu joto kwanza, nimtazame vizuri, niandike, ndipo nimpoze. Siko tayari kufanya hivyo. Naomba badala yake ofisi yako initumie, kwa basi la Jumatano, mtoto mmoja aliyekwisha patwa na joto, wa umri huohuo ikiwezekana, nijifunze kwake. Atarudishwa amepoa.

5. Kuhusu mavazi. Ukurasa wa sita: vazi moja jepesi. Ukurasa wa tisa: "Sikiliza wazee wenye uzoefu." Ndugu Mhariri, hao wazee wenye uzoefu wanafuma soksi za sufu. Mimi namvua Danica soksi, Mama Milka anamvisha. Namvua, anamvisha. Juzi tuliendelea hivyo tangu kifungua kinywa hadi simu ilipolia, bila hata mmoja wetu kusema neno, na mtoto akidhani ni mchezo. Mwishowe Mama akasema, "Wewe mkwe, vitabu vyako vina miguu? Basi usinifundishe miguu." Tafadhali chagua ukurasa mmoja kati ya hizo mbili, ufute mwingine.

6. Kuhusu shuka lililoloweshwa. Mnasema litundikwe dirishani ili hewa iingie imepoa. Nililitundika siku ya Jumatano, Mama Milka alipokwenda kulala mchana. Ni shuka jeupe, la harusi yetu. Sikumwonya Mzee Bepi, naye hakuuliza. Alipoliona upande wake aliwasha taa nyuma yake, akaanza kucheza vivuli vya vidole. Kwanza sungura. Kisha mbwa. Kisha kitu ambacho baadaye alisema ni askofu.

Danica akacheka.

Sijui kama una watoto, Ndugu Mhariri. Mama Milka ana maoni yake. Lakini kile kilikuwa kicheko chake cha kwanza. Nilikuwa nimekingoja tangu mwezi wa kwanza. Nilikuwa nimefanya nyuso zote ninazozijua, na nilipofikiri hakuna anayenisikia nilikuwa nimeimba. Kikaenda kwa askofu wa kivuli. Nilikwenda jikoni nikasimama nimeshika sufuria tupu kwa muda. Kijitabu chako hakisemi lolote kuhusu jambo hili, na sidhani kinapaswa kusema. Nalitaja kwa sababu lilitokea kwa kufuata maagizo yenu. Tangu hapo kila alasiri saa kumi mtoto hulitazama dirisha, na Mama Milka hulazimika kuinamisha kichwa ili askofu apate kuonekana juu ya mgongo wake.

7. Kuhusu huko mnakotupeleka. Nimeulizia Nyumba ya Mama na Mtoto. Binamu yangu alikaa hapo mwaka jana. Ina masharti yote tisa. Ina madirisha manane, upepo wa kupita, miti miwili ya kweli, feni, na paa la bati. Binamu yangu anasema mwezi wa pili ndani yake ilifika nyuzi arobaini na moja, na kwamba kina mama walikuwa wakikaa kwa zamu mbele ya friji iliyo wazi. Watoto wote walikuwa na harara. Wote walikuwa na dalili, na mama zao waliweza kuzitambua bila shida.

Kwa hiyo, nikifuata hoja yenu hadi mwisho wake: mtoto aliyepoa, katika nyumba iliyopoa, atolewe, asafirishwe kwa saa tisa jangwani, awekwe penye joto, ili apozwe kwa njia zinazokubalika. Nimeitafuta kasoro katika hoja hii kwa kutumia kila nilichofundishwa chuoni. Sikuipata. Inakwenda vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwisho wake mwanangu anapakiwa garini. Lazar, ambaye hakusoma falsafa, aliisikiliza yote akasema, "Lakini Katina, si amepoa tayari?" Nikamwambia ndipo hapo hasa hoja inapoanzia.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima:

Kwanza, kijitabu kiongezewe maneno haya: "isipokuwa kwa wanaoishi chini ya ardhi."

Pili, agizo la madirisha lifutwe mara moja, na turuhusiwe kuziba tulilokwisha kulitoboa, tukimwachia Mzee Bepi nafasi ya vidole.

Tatu, Lazar aandikiwe barua rasmi, yenye muhuri, ya kumtaka aache kuchimba ukuta wa kaskazini. Mimi hanisikii. Miaka miwili sasa shimo lake la huko porini halijampa jiwe hata moja la maana, na nadhani anafurahi kuwa na tundu ambalo mtu amemwomba alichimbe.

Nne na muhimu kuliko yote, Bi. Pardoe ajulishwe kabla ya Ijumaa asije na gari. Akija bila gari tutamkaribisha. Sofa ni ileile.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa mchoraji wa ule mti, ambaye namwonea wivu kwa nia njema. Wasalimie walio nyumbani kwako. Msalimie Bi. Pardoe, mwambie miwani yake aliisahau chini ya mto. Mama Milka naye anakusalimu, ameniambia niandike hivyo, na anauliza unavaa soksi namba ngapi. Mzee Bepi amenyoosha mkono kupitia dirishani kuashiria kwamba anakusalimu pia.

Wako katika utaratibu,

Katina Vrettos
(Mama Danica)

Baada ya sahihi:

Ndugu Mhariri, nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha ndipo mlio wa sururu ukakoma. Kisha Lazar akaniita kwa jina langu kamili, jambo ambalo hajalifanya tangu kanisani.

Kwenye ukuta wa kaskazini, mkono mmoja kutoka sakafuni, mahali ambapo ungekuwa ukingo wa dirisha la pili, kuna mstari. Ni wa kijani, na ukisogeza taa ni mwekundu, na ukiisogeza tena una rangi ambayo sikufundishwa jina lake. Ni mpana kama kidole gumba cha Danica na unaingia ndani ya mwamba bila dalili ya kutaka kuishia. Mama Milka aliacha kiti chake, upepo ukapita chumba kizima, na hakuna aliyekufa. Alijifanyia ishara ya msalaba mara tatu, akasema, "Funga mlango. Pika kahawa. Mtu yeyote akiuliza, ni dirisha."

Mzee Bepi aliingiza kichwa kupitia dirisha la kwanza, akautazama mstari ule muda mrefu sana. "Vyumba kumi na vitatu," akasema. "Miaka arobaini, binti. Na hamkuniambia kwamba kinachotakiwa ni mtoto."

Kwa hiyo naomba uyapuuze malalamiko namba 1 hadi 7. Agizo la madirisha lisifutwe. Nimelifikiria upya na naliona ni la busara na limekuja kwa wakati wake. Bi. Pardoe aje Ijumaa kama alivyopanga, atuandikie kwa muhuri unaosomeka kwamba chumba cha mtoto bado kina upungufu wa madirisha. Naomba pia ufafanuzi: mtoto wa miezi minne anahitaji mangapi? Lazar anapendekeza kumi na moja, yote ukuta wa kaskazini. Mzee Bepi anauliza kama ofisi yako inaweza kumwandikisha na yeye, kwa kuwa siku hizi anahisi joto na hana meno mengi.

Kuhusu yule mtoto wa basi la Jumatano, usimtume. Watu wanne tumempokezana Danica kwa nusu saa nzima, kila mmoja akimkumbatia kwa nguvu na kumwonyesha ukuta, Mzee Bepi akimpokea na kumrudisha kupitia dirishani. Aliponirudia mikononi mashavu yalikuwa mekundu, shingo ina jasho, nywele zimelowa na hakutulia. Nilimtambua mara moja.

Nikamvua soksi. Mama Milka ameona, na hajamvisha.